Tano Nyeusi

"Uzi wa bluu asimshonee. Mwambieni daktari, uzi wa bluu asiushike kabisa."

Niliyasema hayo uso wangu ukiwa umeganda kwenye kioo cha mlango wa chumba cha upasuaji. Muuguzi aliyekuwa upande wa pili alinitazama kama anavyotazamwa mlevi wa asubuhi, akanionyesha benchi kwa kidole. Sikukaa. Niligonga tena, safari hii kwa ngumi, mpaka mlinzi akaja kunishika mkono. Nikamwambia akinigusa mara ya pili ataondoka na alama za kucha. Sijisifu. Naeleza tu nilivyokuwa siku ile, kwa sababu mengi yaliyofuata niliyafanya kwa hasira, na sitaki mtu aje kusema niliyafanya kwa ushujaa.

Aliyekuwa amelazwa mle ndani ni Mjomba Mhina, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Saa mbili asubuhi alikuwa ameanguka karibu na mizani ya jalala la Mleni, tumbo limechomoza upande mmoja kama mtu aliyeficha chungwa chini ya shati. Ngiri yake ya zamani ilikuwa imerudi. Miaka sita nyuma ilizibwa kwa wavu, ule wavu mweupe wenye matundu madogo ambao madaktari huutandaza chini ya nyama ili matumbo yasitoke. Wavu ule ni plastiki namba tano. Uzi wa bluu wa kushonea nao ni namba tano. Na mimi, Siwema Singano, mkuu wa usalama katika maabara ya kiwanda cha Ufufuo, nilikuwa mtu pekee pale ukumbini aliyejua kuna nini tumboni mwa mjomba na kinakula nini.

Daktari Eliakunda alitoka baada ya saa nzima, barakoa imeteremka kidevuni. Alikuwa ameshika bakuli la chuma.

"Nimemshona kwa hariri, dada Siwema," alisema. "Wala si kwa sababu ya kelele zako. Uzi wa bluu nilimshonea mgonjwa wa wiki iliyopita, ukakatika siku ya nne."

Alininyooshea bakuli. Mlikuwa na nyuzi tatu fupi, zimelegea kama tambi zilizopitiliza jikoni.

"Huu ndio wavu," alisema. "Ulikuwa mpana kama kiganja changu. Niliuweka kwa mikono yangu mwenyewe. Nimefungua leo, haupo."

"Atapona?"

"Huyu wa leo, tumemuwahi. Lakini ni wa tatu mwezi huu, na wote ni wachambuzi wa taka wa Mleni. Najua ni chachu yenu ya kula plastiki, nimeiona kwenye darubini. Nisichokijua ni inavyoingia. Nimewauliza kama wanakula kazini, wanasema hapana. Maji wanakunywa nje ya uzio. Glavu wanavaa. Sasa wewe mtaalamu niambie, inaingiaje?"

"Sijui," nilisema.

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

*

Mtu asiyetoka Mleni hawezi kuelewa tano ilikuwa nini kwetu. Kila plastiki ina namba yake ndani ya pembetatu ya mishale. Chupa ya maji ni moja, mfuko laini ni nne, na tano ni ile ngumu yenye ustahimilivu: ndoo, kiti, kifuniko, salfeti la mchele, bampa la gari. Nilipokuwa mdogo tano ilikuwa takataka kama takataka nyingine. Kisha magari yote yakawa ya betri, na kila betri inataka boksi, na boksi ni tano. Nyumba zikaanza kuezekwa kwa tano. Nchi zinazonunua zikatunga sheria kwamba nusu ya plastiki yoyote mpya lazima iwe imewahi kutumika. Ghafla dunia nzima ilikuwa inatafuta taka zetu. Jalala likazungushiwa uzio likaitwa mgodi, na makatapila yakaanza kuchimba hadi kufikia taka walizotupa babu zetu.

Ndipo Ufufuo walipokuja na chachu. Ni kuvu wa maabara, anaishi kwenye matenki, anakula tano na kuacha mafuta meupe, na mafuta yale yakipikwa yanakuwa tano mpya kama vile haijawahi kuguswa na mtu. Haigusi kitu kingine chochote. Inafanya kazi kwenye joto la nyuzi thelathini na saba. Waliichagua ya nyuzi hizo ili kuokoa umeme, na kwenye vipeperushi vyao waliliandika hilo kama sifa. Thelathini na saba ni joto la mwili wa binadamu. Hata mimi niliyesoma nililiona hilo nikapita.

Ubaya wa chachu ni kwamba inadeka. Ukiiletea tano iliyochanganyika na plastiki nyingine, inakufa tenki zima. Kwa hiyo ipo mashine ya kuchambua, yenye jicho la mwanga: inamulika kila kipande na kusoma mwanga unaorudi. Kwa nyeupe, nyekundu na kijani, mashine ni hodari. Lakini rangi nyeusi inaumeza mwanga wote, hairudishi kitu. Na tano inayotakiwa zaidi, ya mabampa na maboksi ya betri, ni nyeusi.

Ukitumbukiza kwenye maji, tano inaelea, ila namba mbili na namba nne nazo zinaelea, na tano iliyotiwa unga wa mawe inazama. Maji hayakusaidii. Kinachosaidia ni jino. Mjomba Mhina alikuwa akichukua kipande, anakifuta pajani, anakipeleka kwenye chonge la kushoto. Namba mbili inakubali jino kama nta. Plastiki kavu ya redio na kompyuta inagoma na kulia. Tano inagoma kwanza, kisha inakubali, na pale ilipokubali inaacha alama ya kijivu. Alikuwa anafanya hivyo huku anapiga soga. Akiuma kipande alikuwa anakwambia ni boksi la betri au ni bampa, na kama kilikaa juani au kilizikwa. Watu wa Mleni walimpa heshima yake kwa hilo. Wanaojifunza kazi walikuwa wanaanzia kwake.

Chachu ilipokuja hawakuacha kuuma. Kuna vipande ambavyo inaviacha, vinarudi kutoka kwenye matenki ndani ya kreti vikiwa bado vimelowa. Tuliviita marudio. Vinasuuzwa maji ya baridi mara moja tu, kisha wachambuzi wanaviuma tena ili wajue kwa nini vimekataliwa. Maji ya baridi hayaui chachu. Na mdomo wa mtu anayeuma plastiki tangu asubuhi una fizi zilizochanika na damu kidogo. Mlango uko wazi.

Kwa wengi inapita tu, haina cha kula humo, inakufa. Lakini mchambuzi ni mtu anayebeba. Anabeba mpaka tumbo linaachia, anapata ngiri, anawekewa wavu wa tano. Niambieni ni kazi gani nyingine hapa duniani inayompasua mtu tumbo, kisha inamlisha mdudu wa kula kiraka chake.

Na sasa niseme la kwangu. Kabla kiwanda hakijafunguliwa, miaka minane nyuma, mimi ndiye niliyejaza fomu ya usalama. Swali la tisa liliuliza: je, ipo njia yoyote ya chachu kufika mdomoni mwa mfanyakazi? Nilikuwa nimekaa meza moja na wageni wenye fedha zao, watu wa suti na maji ya chupa. Nikamkumbuka Mjomba alivyokuja shuleni kwetu siku ya wazazi, chonge limesagika, meno meusi, na msichana mmoja akauliza kama yule mzee anakula makaa. Siku ile nilisema ni mlinzi wa jirani. Mezani pale nikaona nitaulizwa tena swali lile lile, na wale wa suti watacheka kwamba watu wangu wanang'ata takataka.

Nikaandika: Hakuna. Nikasaini.

*

Fulgensi Kalokola, meneja wa Ufufuo, alinikuta nimeshaingia ofisini kwake na kukaa kwenye kiti chake cha wageni bila kukaribishwa.

"Pole sana na mgonjwa," alisema. "Nimesikia ameanguka."

"Umesikia pia wavu wake umeliwa na nini?"

Alifunga mlango. Alifanya hivyo taratibu.

"Wanauma, Kalokola," nilisema. "Wanauma marudio. Wameuma tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mshtuko wake. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomtuliza, nitakavyokiri kosa langu, nitakavyosema tufunge laini ya nyeusi leo hii. Hakushtuka. Alikaa akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kusubiri mgeni aliyechelewa.

Macho yangu yakaenda ukutani nyuma yake. Kuna picha kubwa pale ya uzinduzi wa kliniki ya meno. Kila miezi mitatu gari la daktari wa meno linakuja Mleni, wachambuzi wanazibwa, wanasafishwa, wanapewa dawa ya meno, yote bure. Mimi mwenyewe nimo kwenye picha hiyo, napiga makofi. Kiwanda cha plastiki kinatibu meno ya watu, na sisi tukaona ni ukarimu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini si migongo, wakati migongo ya wale watu ilishakwisha. Walikuwa wanatunza vifaa vyao vya kazi.

"Mlijua," nilisema.

"Tulijua mashine haioni nyeusi. Kila mtu anajua. Wewe ulidhani usafi wa asilimia tisini na tisa na nusu unatoka wapi?" Alifungua jalada akalitazama kama hajawahi kuliona. "Lakini sisi ni watu wa biashara, tulimuuliza mtaalamu. Mtaalamu akasema hakuna. Tena mtaalamu mwenyewe mtoto wa Mleni. Sahihi hii si yako?"

Ningempiga. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa anasema kweli.

"Alhamisi ni kikao cha leseni ya kufungua viwanda mikoa sita," aliendelea. "Fomu ni ile ile. Jaza kama ulivyojaza mwanzo, na Ijumaa nawapeleka hospitali wote wenye wavu. Dawa ya kuua chachu ninayo stoo. Watawekewa wavu wa kitu kingine. Wako ishirini na saba, orodha ninayo."

"Orodha unayo tangu lini?"

"Tangu Machi."

Ilikuwa Septemba.

"Ukijaza vingine," alisema, "nitawakumbusha kanuni ya kumi na nne. Ni marufuku kuweka kitu chochote mdomoni ndani ya eneo la kazi. Wote wameweka dole gumba. Kila aliyeuma atakuwa amejiumiza mwenyewe kwa kuvunja kanuni. Anafukuzwa, na matibabu hakuna. Wewe utakwenda kujieleza polisi."

"Na wachambuzi wa mikoa sita? Wao wana matumbo ya chuma?"

"Siwema, dunia inataka tano. Isipotoka kwetu itatoka kwa wengine, na hao hawatakuwa na orodha."

Hana haya wala hajui vibaya, yule mtu. Alinipa fomu mpya pamoja na kalamu. Ningependa kusema niliichana mbele ya macho yake. Niliikunja nikaitia mkobani, kwa sababu nilishawahesabu wale ishirini na saba kichwani, na ninawajua kwa majina.

*

Jumatano mchana Mjomba alikuwa macho. Bi Mwanakheri, msimamizi wa laini ya nyeusi, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akimmenyea ndizi. Mama yule ana miaka sitini na kitu, na meno yaliyobaki anayatunza kwa wivu.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu," Mjomba alijibu. "Umesikia? Nimeshonwa kwa hariri. Sasa mimi ni bwana harusi."

Sikuweza kucheka. Niliwaeleza yote, chachu, wavu, Kalokola na orodha yake ya Machi. Bi Mwanakheri aliacha kumenya. Mjomba alisikiliza huku anachezea shuka.

"Jaza anavyotaka," alisema nilipomaliza. "Ishirini na saba wapone kwanza. Hao wa mikoa sita mimi siwajui, mwanangu, na siwezi kuwafia watu nisiowajua. Mleni ikifungwa tutakula nini?"

"Watauma kama ulivyouma wewe, Mjomba. Watapasuka kama wewe."

"Nami nimepona."

"Ngoja," alisema Bi Mwanakheri. "Unasema fomu ni ile ile. Ya kwanza ilijazwa nini?"

Ningeweza kudanganya hata hapo. Mtu aliyezoea kuficha jambo anaona njia ya kulificha mpaka dakika ya mwisho.

"Iliuliza kama kuna njia ya chachu kufika mdomoni. Niliandika hakuna."

"Uliandika hatuumi?"

"Niliona aibu."

"Nani aliulizia aibu yako?" Aliweka ndizi mezani. "Nimekubeba mgongoni, wewe mtoto. Umelala juu ya magunia yangu nikiuma plastiki ili mjomba wako akalipe ada. Meno yangu mawili yamo kwenye hiyo digrii yako. Leo umekuja kutuambia umetufuta?"

Nilimgeukia Mjomba kwa sababu nilizoea yeye ndiye wa kunitetea. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Mimi nilidhani uliandika," alisema polepole. "Siku ile ulivyopata kazi, nilimwambia kila mtu Mleni. Nilisema yule mtoto kaniandika kwenye karatasi za wakubwa, kwamba kuna mzee anaijua tano nyeusi kwa jino kuliko mashine yao. Miaka minane nimekuwa nikisema hivyo."

Akageukia ukutani. Ilimchukua muda, kwa sababu ya mshono, na hakukubali nimsaidie. Wavu ulioliwa hakuwahi kuulalamikia hata mara moja. Hili lilimchoma. Nilisimama pale nikajichukia kwa chuki ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Bi Mwanakheri alinifuata koridoni.

"Hiyo kanuni aliyosema bwana wenu, ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

"Imeandikwa kabisa? Tusiweke kitu mdomoni?"

"Imeandikwa, na mmeweka dole gumba."

"Niletee hiyo karatasi leo hii," alisema. "Unisomee polepole."

*

Kikao kilifanyika saa nne asubuhi kwenye banda la laini ya nyeusi, ili wageni wajionee. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnyamavu kutoka mamlaka ya leseni, miwani kwenye ncha ya pua. Pembeni yake walikaa wanunuzi wa maboksi ya betri. Wachambuzi arobaini walipangwa kando ya mkanda wa mashine wakiwa na sare mpya zenye mikunjo ya kiwandani. Kalokola alipitisha bakuli la punje nyeusi zinazong'aa, akaeleza usafi wake, akaeleza ajira, akawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisha nikaitwa nisome fomu mbele ya wote. La kwanza mpaka la nane nilisoma kwa sauti ya kawaida.

"Swali la tisa," nilisema. "Je, ipo njia yoyote ya chachu kufika mdomoni mwa mfanyakazi? Jibu: Ipo."

Nilieleza. Nilisema tano nyeusi yote ya Ufufuo inachambuliwa kwa meno, nikasema marudio yanaumwa yakiwa yamelowa, nikasema chachu imekula wavu kwenye matumbo ya watu watatu na kuna wengine ishirini na nne wanaongoja zamu. Nikasema mwenye orodha ya majina yao ni meneja, tangu Machi. Daktari Eliakunda, niliyemwomba aje, alisimama na kichupa chake cha nyuzi zilizolegea. Mwisho nikasema kwamba miaka minane nyuma nilijua hayo yote na nikaandika uongo, na sahihi ni yangu. Nilisema kwa hasira, na sikujua tena ninamkasirikia nani.

Kalokola hakupoteza hata dakika. "Mheshimiwa mwenyekiti, dada huyu ana mgonjwa, tumuelewe. Meno hayahusiki na kazi yetu. Kanuni ya kumi na nne inakataza kabisa. Kama wapo wanaouma, wamejitakia wenyewe, na hawatakuwa nasi kuanzia leo."

"Kwa hiyo mashine inafanya kazi hii yenyewe," alisema mwenyekiti.

"Bila shaka."

"Iwashwe."

Mkanda ukaanza kutembea. Vipande vyeusi vikapita chini ya jicho la mwanga kimoja baada ya kingine, na kwenye skrini kubwa kwa kila kipande likatokea neno moja: haijulikani. Haijulikani. Haijulikani. Kila kipande kiliangukia kwenye kreti ya kutupwa. Siku zote wachambuzi huziokoa kreti hizo, wanauma na kurudisha upande wa pili wa mkanda kabla mgeni hajapepesa jicho. Siku hiyo hakuna aliyenyoosha mkono. Watu arobaini walisimama mikono nyuma, midomo imefungwa.

Kreti ya kwanza ikajaa, vipande vikaanza kumwagika sakafuni. Mnunuzi mmoja alisimama ili aone vizuri. Kalokola akatembea haraka mpaka kwa Bi Mwanakheri, akainama.

"Mama, fanyeni kazi."

"Tunafanya, bwana meneja." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kifuani. "Tunafuata kanuni. Namba kumi na nne. Nimesomewa jana mara mbili, nami nikawasomea wenzangu kwa kichwa."

"Mama, nakuomba." Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola. "Kama kawaida. Kama siku zote."

Mashine ina kelele, lakini mwenyekiti alikuwa ameshasogea nyuma yake.

"Kama siku zote vipi, meneja?" aliuliza.

Kalokola alifungua mdomo. Akaitazama kreti iliyofurika, akaufunga tena. Nilitegemea nitafurahi. Sikufurahi, nilizidi kukasirika tu, kwamba jambo jepesi namna ile lilihitaji matumbo ya watu watatu.

Bi Mwanakheri hakumngoja ajibu. "Mama mwenyekiti," alisema, "dawa iko stoo yake. Waanze kunywa leo, wote ishirini na saba. Kufukuza hawezi kutufukuza, hapa hakuna aliyevunja kanuni. Na huko mikoa sita wakafungue siku mashine yao itakapojua kuona nyeusi. Sisi hatuumi tena."

Mwenyekiti alizima mashine mwenyewe. Leseni haikutolewa. Alitaka orodha ya Machi na ufunguo wa stoo, akavipata kabla ya adhuhuri. Mimi nilivuliwa kitambulisho getini na mlinzi niliyezoea kumnunulia chai, nikapewa barua ya kuripoti polisi Jumatatu. Nilistahili. Mwenyekiti aliniambia hivyo usoni, na sikubishana naye.

*

Mchana ule ule nilikwenda hospitali na nakala ya fomu. Mjomba alikuwa ameketi, kikombe kidogo cha dawa kimeshanywewa kiko mezani. Hakunigeukia nilipomwamkia, ila aliitika.

"Mwanakheri kapita," alisema. "Kasema mmezima mkanda."

"Mwenyekiti ndiye aliyeuzima, Mjomba. Kesho Mleni haifunguliwi. Sijui itafunguliwa lini."

"Najua. Watu watatulaumu mimi na wewe." Alisogeza kikombe pembeni. "Umeandikaje?"

Nikakunjua karatasi.

"Njia ipo," nilisoma. "Wachambuzi wa Mleni hutambua tano nyeusi kwa meno, kwa uhakika ambao mashine haina. Kampuni inalijua hilo na inalitegemea. Mimi nimelijua tangu utotoni. Aliyenifundisha ni Mhina Semkiwa."

"Rudia mwisho."

"Aliyenifundisha ni Mhina Semkiwa."

Alipitisha ulimi kwenye chonge lake lililosagika, kama afanyavyo akiwa anafikiri.

"Na ile ya zamani? Ile uliyoandika hakuna. Wataifuta?"

"Haifutiki, Mjomba. Inakaa jaladani na sahihi yangu. Hiyo ndiyo polisi watakayonisomea Jumatatu."

"Vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alinitazama. "Isifutwe. Wasome zote mbili."